Waliokuja Kucheza Dame

Jumapili, 7 Oktoba 1984

Mvua ya kwanza imenyesha leo wakati wa misa, hata padri akalazimika kunyamaza kwa kelele ya mabati. Tulipotoka, Papa Onésime alituita wachezaji wote nyuma ya kanisa akasema, "Imekubaliwa. Mwaka huu watakuja kwetu." Nilipiga vigelegele mpaka watu wa kwaya wakageuka kunitazama.

Kwa hiyo nimeanza kuandika. Kila mwaka sisi wa Kalemie tunaocheza dame, mchezo wa kete ubaoni, tunapanda treni kwenda Kabalo, tunalala chini, tunafungwa, tunarudi. Safari hii Kabalo watakuja hapa, na watu wa Zongwe watakuja kwa njia ya ziwa. Itaanza Ijumaa tarehe 16 Novemba na kwisha Jumapili. Mimi Philomène, mshonaji wa mtaa wa Kataki, mjane wa fundi wa reli, nitacheza ubao wa nne wa Kalemie, mwanamke peke yangu kati ya wanaume. Nataka iandikwe, nisije baadaye nikadhani niliota.

Jumatano, 17 Oktoba

Ruhusa imetoka. Papa Onésime alikwenda mwenyewe biro ya zone, ofisi ya serikali, amevaa koti lake la udereva wa treni ingawa amestaafu zamani. Ametuandikisha kwa majina ya mababu, maana yale ya ubatizo hayatakiwi bironi. Nyumbani kila mtu anabaki na lake.

Siwezi kumsema vibaya mtu huyu. Mume wangu alipokufa, watu walikuja kulia nami wakaondoka. Papa Onésime alikuja akaniambia, "Weye uko na kichwa. Usikiache kikaoza." Yeye ndiye rais wa chama chetu cha dame, na hakuna mwingine anayefaa.

Jumamosi, 27 Oktoba

Mvua. Denise, jirani yangu, amejaribu munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, kwa ajili ya wageni. Umekuwa mchachu. Tumeunywa hivyo hivyo.

Alhamisi, 1 Novemba

Tumegawana wageni. Kumi watalala kwenye lupango, kiwanja cha nyumba ya Papa Onésime, sita kwangu. Nimempa Denise kazi ya kutafuta mikeka.

Kwangu atalala Augustin, kapteni wa Kabalo, ndiyo bahati yangu mbaya. Ni karani wa mizigo kwenye bandari ya mto, anajisikia, na hasalimiani na Gérard wa Zongwe tangu mwaka jana. Gérard ni fundi wa mitumbwi. Huyo ndiye aliyenifunga Kabalo huku akicheka, na ndiye ninayetaka kumfunga kabla sijafa.

Ugomvi wao ni huu. Kwetu, mtu akiacha kula pioni, yaani kete, aliyopaswa kula, mwenzake anaipuliza ile pioni iliyokosa kula, fuu!, na kuitoa ubaoni. Mchezo wa mwisho, Gérard alipuliza pioni ya Augustin. Augustin akasema alikuwa bado hajamaliza kucheza. Washabiki nusura washikane mashati. Gérard akachukua ushindi, na tangu hapo wakipishana kila mmoja anatazama pembeni.

Jumatatu, 12 Novemba

Wamefika! Treni ilichelewa nusu siku na hakuna aliyeondoka gare. Kabla hatujaona behewa tulisikia ngoma yao, kisha vichwa vikatoka madirishani na matusi ya kirafiki yakaanza: "Kalemie, leteni chumvi, tumekuja kuwala!" Na sisi tukajibu: "Kabalo, mumesahau njia ya kurudi!" Denise alicheza mbele ya mashine ya treni mpaka kiatu kikavunjika. Kuna mzee mmoja hajui hata kusogeza pioni. Anakuja kila mwaka kushangilia tu. Aliniambia, "Mama, kwangu hakuna sikukuu ingine."

Augustin alitazama nyumba yangu, akatazama mkeka, akasema, "Tutazoea."

Jumanne, 13 Novemba

Amelalamika kwamba ugali hauna chumvi.

Jumatano, 14 Novemba

Sokoni leo watu walikuwa wanakusanya vitu kabla ya saa sita. Nikauliza. Mwanamke wa ndagala, dagaa wa ziwa, akaniambia bila kuinua macho, "Hausikie? Waasi wa milimani wameshika Moba."

Moba iko kusini kwenye ziwa, mbele kidogo ya Zongwe. Nilikimbia nyumbani. Jioni gari lilipita na kipaza sauti: hakuna kutoka baada ya giza, hakuna watu zaidi ya watano pamoja, kila mgeni ajulikane. Treni haitaondoka. Askari wameshuka kwenye ndege, si wa hapa, wanasema Lingala kati yao.

Mgeni ajulikane. Niko na wageni sita ndani ya vyumba viwili, na Papa Onésime yuko na kumi.

Alhamisi, 15 Novemba

Asubuhi mlango uligongwa. Ni wale kumi wa Papa Onésime, wamebeba mikeka kichwani, mzee wa kushangilia yuko mbele. "Papa amesema kwako kuna usalama zaidi," alisema, na akaona aibu kwa niaba ya mwenzake.

Kwangu, vyumba viwili! Nilikwenda kwake papo hapo. Mke wake alisema amelala. Nilimwona mguu nyuma ya pazia.

Nilipokuwa narudi nikapita ufukoni, na hapo nikaona mtumbwi wa injini umevutwa mchangani na askari wamesimama kuuzunguka. Gérard alikuwa amepiga magoti, mikono kichwani. Alitoka Zongwe, ametangulia wenzake, kabla ya habari kufika huko. Alikuwa ameleta mbao nne mpya za dame alizochonga mwenyewe, zawadi kwa mashindano. Askari mmoja alizivunja moja moja kwa goti, akitafuta kilichofichwa ndani ya mti mtupu.

"Umetoka upande wa Moba!" walikuwa wanasema. "Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kucheza dame," Gérard alijibu. Wakampiga. Akarudia maneno yale yale. Wakampiga tena.

Nilisimama kama mti. Sikufungua kinywa.

Ijumaa, 16 Novemba

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kufungua mashindano. Mvua tangu asubuhi. Watu kumi na saba ndani ya nyumba yangu, hakuna anayeongea kwa sauti.

Denise anawauzia askari mikate kwenye mlango wa kambi. Alirudi na sinia bado imejaa. Akanivuta jikoni.

"Wamemwita Papa Onésime. Wamemleta Gérard mbele yake. Wakamwuliza, weye rais wa hawa watu wa dame, unamujua huyu?"

"Akasema?"

"Akasema hapana."

Nilimwambia Denise amesikia vibaya. Akaniambia Gérard alimwita, "Papa, ni miye," na Papa Onésime akasema tena kwamba hamjui, akaomba ruhusa ya kwenda nyumbani.

Wafungwa watasafirishwa Jumatatu kwa ndege. Wapi, hakuna anayejua.

Jumamosi, 17 Novemba

Naandika haya usiku huu huu, maana nikiacha mpaka kesho nitasahau maneno yenyewe.

Asubuhi niliwaambia wote habari ya Gérard. Wakabishana kwa kunong'ona. "Sisi tuko wageni," alisema mmoja wa Kabalo. "Tukienda kule watatuweka naye." Mwingine akasema Mama Philomène aende peke yake, yeye ni mwenyeji. Sikukasirika, maana hata mimi nilikuwa natafuta sababu ya kutokwenda. Watoto wa Gérard ni wawili. Mke wake Élisabeth namfahamu, alinipikia samaki mwaka juzi.

Augustin alikuwa anakula. Alimaliza tonge lake, akanawa, akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni.

"Twende," aliniambia.

"Weye? Na Gérard hamusalimiani."

"Ndiyo. Twende."

Mlangoni mwa kambi walituweka chini ya mvua muda mrefu. Nikageuka, nikaona upande wa pili wa barabara mzee wa kushangilia amesimama peke yake chini ya bati la duka. Kisha akaja mwingine wa Kabalo, akasimama kwenye duka la pili. Kisha Denise na sinia yake. Hawakuwa zaidi ya watano mahali pamoja, hilo walilishika, lakini barabara nzima ilikuwa na watu wa dame.

Mwishowe tuliingizwa kwa luteni, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. "Munataka nini?"

"Tumekuja kwa ajili ya muntu wa Zongwe," nilisema. Sauti ilikuwa ndogo, nikaanza upya. "Yeye si muasi. Ni mucheza dame. Tulikuwa tunamungoja."

"Rais wenu amesema hamujui."

Nikisema Papa Onésime ni mwongo, ninampeleka yeye ndani. Nikinyamaza, Gérard amekwisha. Augustin akavua kofia.

"Mukubwa, miye ninamujua," alisema. "Ninamujua na simupendi. Yeye njo muntu mubaya kuliko wote niliokaa nao mezani. Lakini muasi, hapana."

Luteni alimtazama kama mtu anayetazama mlevi. Kisha akaamuru Gérard aletwe.

Walimleta. Mdomo umevimba, vidole vya mkono wa kulia vimekuwa kama ndizi. Hakunitazama mimi, alimtazama Augustin.

"Huyu njo yeye?" luteni aliuliza.

"Njo yeye. Mwizi."

"Mwizi wa nini?"

"Wa pioni, mukubwa. Mwaka jana, Kabalo. Nilikuwa ninajitayarisha kula mbili kuelekea kona, yee akapuliza pioni yangu wakati mukono wangu bado uko…"

"Uongo!" Gérard alipaza sauti, damu ikamtoka mdomoni. "Ulisogeza ya kushoto! Ukaiacha kabisa! Mukono wako ulikuwa umekwisha kutoka, watu wote waliona!"

"Mukono wangu ulikuwa juu ya ubao!"

"Ulikuwa juu ya chupa ya bia!"

"Chupa haikuwa yangu!"

"Uliimaliza!"

Nilifunga macho. Nilifikiri watatupiga risasi sote watatu. Walikuwa wamesahau kambi, wamesahau bunduki. Gérard, ambaye walimleta akiwa hawezi kusimama wima, alikuwa amejinyoosha na kidole kibovu kikionyesha hewani pioni ilipokuwa imekaa, na Augustin akionyesha hewani mahali pengine.

Askari mmoja aliyekuwa amemshika Gérard akasema taratibu, "Kama mukono ulitoka, anapulizwa."

"Nyamaza," luteni alimwambia. Lakini alikuwa amekaa kwenye meza sasa. Alisugua macho kwa viganja viwili. "Mumekuwa na ugomvi huu tangu lini?"

"Mwaka mzima," Gérard alisema.

"Na utaendelea," alisema Augustin.

Luteni aliandika jina la Gérard kwenye daftari. Kisha akaniambia mimi: "Citoyenne, atalala kwako. Kila asubuhi aje hapa nimuone kwa macho. Siku asipokuja, nitakuja kukuchukua weye."

Tulirudi watatu kwa miguu. Hao wawili hawakusemeshana njia nzima.

Jumapili, 18 Novemba

Kumi na nane ndani ya nyumba. Gérard amelala kutwa. Augustin amempa mkeka wake, akasema mgongo unamuuma hivyo anapendelea sakafu.

Jumanne, 20 Novemba

Wanasema Moba imerudishwa. Wanasema pia askari wanafuata ufuko kijiji kwa kijiji, na kwamba nyumba zimeungua. Zongwe iko njiani.

Gérard hali chakula. Anakwenda kambini asubuhi, anarudi, anakaa mlangoni akitazama upande wa kusini. Nilimwambia wanawake wa ufukoni wanajua kujificha. Akaniuliza, "Umeona nani amejificha na mutoto wa kunyonya?"

Jumatano, 21 Novemba

Mvua. Unga unakwisha. Jirani mmoja nisiyemsalimia sana ameacha mafungu mawili ya sombe, majani ya muhogo, mlangoni, hakugonga.

Alhamisi, 22 Novemba

Jioni Gérard alinijia jikoni.

"Mama Philomène, kama ungekuwa miye, ungefanyaje?"

Nilijua anauliza nini. Kuna mtumbwi unaotoka kwa siri kwenda kusini, Denise amekwisha kuniambia. Ningemwambia kaa, maana ukienda ni mimi nitakayefungwa. Ningemwambia nenda, ni watoto wako. Nilikuwa napepeta ndagala, nikaendelea kupepeta.

"Sijui," nilisema. Ndiyo ukweli, na sikuwa na mwingine.

Ijumaa, 23 Novemba

Alfajiri mkeka wake ulikuwa mtupu.

Augustin alikuwa amekaa amejiegemeza ukutani. "Ametoka kabla jogoo hajawika," alisema. "Nilimusikia."

"Na hukumuzuia?"

"Ningemuzuia kwa nini? Niko askari?" Kisha, sauti ikiwa chini: "Wakija, nitasema mudhamini ni miye."

Nilivaa kikwembe, kitenge cha pili juu ya cha kwanza, kwa sababu ya baridi ya sakafu ya gereza, na nikafunga nywele. Nilimwachia Denise ufunguo wa mashine ya kushona. Niliona ni afadhali niende mwenyewe kuliko waje nyumbani na kukuta watu kumi na saba. Njiani sikulia. Nilimchukia Gérard kwa moyo wote, na kila hatua nilikuwa namuombea mtumbwi usizame.

Mlangoni mwa kambi alikuwa amesimama mtu aliyelowa mpaka kifuani. Ni yeye.

"Unakwenda wapi na vikwembe viwili?" aliniuliza.

Nilimpiga kofi. Askari walitazama. Kisha nikakaa chini kwenye tope.

Alikuwa amefika ufukoni. Mtumbwi ulikuwa tayari. "Mguu mumoja uliingia," alisema. "Wa pili ukakataa." Alimwomba mwenye mtumbwi amtafute Élisabeth, amwambie aje Kalemie, kwa Mama Philomène, Kataki. Basi akarudi kungoja luteni aamke.

Jumapili, 25 Novemba

Hakuna habari.

Jumatatu, 26 Novemba

Hakuna habari. Augustin na Gérard wamekaa mlangoni pamoja, kimya, wanatazama upande mmoja.

Jumatano, 28 Novemba

Élisabeth amefika! Amekuja sehemu kwa mtumbwi, sehemu kwa miguu porini, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, miguu imepasuka. Nyumba yao imeungua. Gérard alimchukua mtoto mkubwa akamnusa kichwa kama mtu anayenusa mkate, akaingia ndani na Élisabeth, akafunga mlango wa nyumba yangu, na sisi wote tukabaki nje kwenye mvua. Hakuna aliyelalamika.

Jumapili, 2 Desemba

Luteni alimwambia Gérard jana asiende tena kumwona. Amri ya watu watano bado ipo. Mzee wa kushangilia akasema, "Basi? Tumekuja kufanya nini hapa?" Kila mtu akanitazama mimi.

Tumecheza leo, ndani ya vyumba vyangu viwili, mapazia yamefungwa, mbao zimechorwa kwa mkaa kwenye vipande vya katoni, vizibo vya bia kuwa pioni. Kalemie walikuja mmoja mmoja kwa mlango wa nyuma. Sheria ilikuwa moja: atakayepiga kelele anatolewa nje.

Sijawahi kuona kitu kama kile. Watu zaidi ya thelathini wanashangilia bila sauti. Wanaruka bila viatu. Denise ameuma kitambaa chake mpaka kimetoboka. Mzee wa kushangilia anapiga ngoma hewani, vidole havigusi ngozi. Mvua juu ya bati ilikuwa kubwa, na kila radi ilipopiga wote walifungua vinywa wakapiga kelele ndani yake, kisha wakafunga.

Nilipangiwa Gérard. Alicheza kwa mkono wa kushoto. Nilifikiri nitamhurumia, lakini alinila mbili mwanzoni tu na kucheka kwa ule mdomo wake mbovu, huruma ikaniisha. Nikamwachia pioni moja pembeni. Akaila. Nikala tatu, nikafika mwisho wa ubao, nikafanya dame, kete inayotawala ubao. Chumba kizima kiliinua mikono juu bila sauti, kama watu waliovamiwa. Gérard alimgeukia mke wake.

"Umeona?"

"Nimeona," Élisabeth alisema. "Umefungwa."

Mchezo wa mwisho Augustin alinifunga mimi. Alinifunga haraka na vizuri, na hakusema neno la majivuno. Papa Onésime hakuja.

Ijumaa, 7 Desemba

Treni imeondoka. Tuliwasindikiza tukiwa tumetawanyika, lakini hakuna aliyetukataza. Gérard alibeba mzigo wa Augustin, na kutoka nyumbani kwangu mpaka gare walibishana juu ya ile chupa ya bia. Treni ilipoanza kusogea, Augustin alikuwa bado ametoa nusu ya mwili dirishani akipiga kelele kwamba haikuwa yake, na Gérard akikimbia pembeni akimjibu.

Nyumba ni kubwa mno sasa. Gérard na familia wanabaki kwangu mpaka apate miti ya kujenga.

Jumanne, 18 Desemba

Wachezaji wamesema tuchague rais mwingine. Wametaja jina langu. Nimesema nitafikiri.

Jumatano, 19 Desemba

Alasiri mvua kubwa. Nilikuwa nashona, Denise ananisaidia kukata nyuzi. Mlango uligongwa polepole. Denise alichungulia, akarudi amekunja uso.

"Ni Papa Onésime. Mwache alowe."

Nilishona mpaka mwisho wa upindo. Bado alikuwapo, nilisikia anakohoa. Nilifungua. Amekonda. Hakuwa na koti la reli, shati tu limegandamana na mbavu.

"Gérard yuko?"

"Amekwenda kutafuta miti."

Aliitikia kwa kichwa. Sikujua kama alipumua kwa nafuu au kwa huzuni. "Aliniita Papa," alisema. "Lile njo neno ninalosikia. Si mengine. Aliniita Papa, na nikasema simujui."

Nilitaka kumwambia kwamba hata mimi nilisimama ufukoni nikanyamaza. Nilitaka pia kumwambia kwamba mimi baadaye nilikwenda. Yote mawili ni kweli, na sikusema hata moja. Denise aliweka makasi chini kwa kishindo akampita Papa Onésime, akaenda zake.

"Miye sikuja kuomba urais," alisema.

"Najua."

"Nitamungoja Gérard hapa nje."

Nilisogeza vitambaa pembeni ya meza. Nikatoa katoni na vizibo, nikavipanga pande zote mbili, bila haraka, maana sikuwa na hakika ninachofanya. Aliingia, akakaa ukingoni mwa kiti, maji yakimtiririka sakafuni. Nilianza mimi. Alitazama ubao muda mrefu, mikono ikiwa magotini.

Tukasikia sauti ya Gérard barabarani, anaongea na mtoto wake, anakaribia.

"Papa," nilimwambia, "ni zamu yako."